Nyumba ya kuzeekea Tanga: ramani nzuri, lakini inatazama machweo

SWALI: Mimi ni mwalimu, nimebakiza miaka minne nistaafu. Nina kiwanja cha mita 20 kwa 30 hapa Tanga, Mwahako. Upande wa mita 20 ndio ulio barabarani, na barabara iko magharibi. Nimenunua ramani mtandaoni: vyumba vinne, mita 17 kwa 10, paa la kujificha. Mke wangu anataka baraza na ua. Kijana wetu mkubwa anasema tuweke msingi wa ghorofa. Mimi nataka nyumba ambayo hata nikifika miaka 80 nitaishi humo bila kumsumbua mtu. Fedha haitoshi kufanya yote kwa mpigo. Kipi ni cha lazima sasa, na kipi kinaweza kusubiri?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Ramani yako nimeikagua. Vipimo viko sawa na vyumba vimepangika; tatizo ni kwamba aliyeichora hakujua itajengwa wapi. Upande wote wa mita 17 umechorwa utazame barabara. Ukiijenga ilivyo, sebule na chumba chenu vitapigwa na jua kuanzia saa tisa alasiri mpaka linazama, halafu ukuta huo utawarudishia joto usiku mkiwa mmelala. Na kwa kuwa kiwanja kina mita 20, kila ubavu utabaki na mita moja na nusu tu mpaka kwa jirani. Hapo upepo haupiti, na ua anaoutaka mama hauna pa kukaa.

Kipimo changu cha "lazima sasa" ni kimoja: jambo hili likikosewa, litarekebishika bila nyundo? Kabati za jiko, marumaru, rangi, dari ya jipsamu, geti la umeme, hivyo vyote vinasubiri hata miaka kumi. Nyumba ikishasimama vibaya, haigeuki tena.

Basi tuanze kwa kuigeuza. Ilaze kwa urefu wa kiwanja, ubavu mfupi wa mita 10 ndio utazame barabara. Kuta ndefu zitaelekea kaskazini na kusini. Sisi tuko kama nyuzi 5 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua la saa sita mchana haliendi mbali sana na utosi wetu. Mwezi wa sita hulala kaskazini kwa nyuzi 28 hivi, na mwezi wa kumi na mbili hulala kusini kwa nyuzi 18. Upenu wa sentimita 90 ukiwa juu ya ukuta wa kaskazini utatia kivuli karibu mita 1.6 kwenda chini saa sita mchana ya Juni, yaani dirisha lote la kawaida. Upande wa kusini kivuli hushuka zaidi. Lakini jua la asubuhi na la jioni huja chini chini; hakuna upenu unaolizuia. Ndiyo sababu mashariki na magharibi ziwekwe kuta fupi.

Upepo nao unakubali mpango huo. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki kuanzia Aprili hadi karibu Septemba, kaskazi hutoka kaskazini-mashariki Desemba hadi Machi. Nyumba iliyolala mashariki kwa magharibi hupata upepo misimu yote miwili, mradi kila chumba kiwe na pa kuuingiza na pa kuutoa. Dirisha moja kubwa kwenye chumba kilichofungwa pande tatu halina faida; upepo hausukumi mlango uliofungwa. Ukiweza, kila chumba kiwe cha pembeni chenye madirisha kuta mbili. Kisichoweza, kiwekee matundu ya hewa juu ya mlango, yale ambayo wazee hawakukosa kuyaweka na sisi tukayaziba kwa sababu ya kiyoyozi.

Kwa kweli sikushauri jambo geni. Nenda Ngamiani, chagua nyumba yoyote ya zamani ambayo haijaguswa. Mlango wa mbele, korido moja kwa moja mpaka mlango wa uani, vyumba huku na huku. Milango yote miwili ikiwa wazi, korido inakuwa bomba la hewa na wazee hukaa barazani kwa sababu hiyo. Wewe fanya hivyo hivyo: korido ya upana wa mita 1.5, itokee barazani magharibi na iishie kwenye mlango wa nyuma mashariki. Mchoraji wa siku hizi atakwambia korido ni nafasi iliyopotea. Muulize analala na feni ngapi.

Sasa jiko. Watu wengi huliweka nyuma, na kwako nyuma ni mashariki, ndiko upepo unakotokea. Moshi wa mkaa na harufu ya papa vitapita sebuleni kabla ya kwenda barabarani. Liweke pembe ya kusini-magharibi, pamoja na stoo. Najua mama atasema jiko haliwekwi mbele ya nyumba. Mlango wake si wa mbele, ni wa ubavuni, nyuma ya ukuta wa ua. Nyumba yako ina upana wa mita 10 kwenye kiwanja cha 20, usiigawe sawa. Acha mita 3 kaskazini na mita 7 kusini. Hizo mita 7 ndizo ua: jiko la nje mwisho wa magharibi, kamba za nguo katikati, mkeka kivulini upande wa mashariki. Baraza ichukue nusu nyingine ya mbele, pembe ya kaskazini-magharibi, na panda mwarobaini au mwembe hatua chache kutoka hapo. Jua la saa kumi litazuiwa na mti, ndio maana nasema mti upandwe mwaka huu, kabla ya tofali la kwanza.

Chumba chako na mama ndicho kinachobeba ile hoja ya miaka 80. Kiwe pembe ya kusini-mashariki, upepo uko hapo mwaka mzima, na bafu lake ndani. Mlango wa chumba uwe futi 3, na wa bafu pia uwe futi 3, si ule wa futi 2 na nusu ambao mafundi huweka kwa mazoea. Kiti cha magurudumu hakipiti pale kwa urahisi, na hata mtu anayeshikwa mkono na mjukuu hapiti, maana wawili wanahitaji kupita pamoja. Sehemu ya kuogea isiwe na kizingiti. Sakafu iteremke taratibu kuelekea kwenye tundu la maji. Ukuta wa kando ya choo ujengwe kwa tofali imara zilizojaa, ili siku ukihitaji chuma cha kushikia, bolti zipate pa kuuma. Chuma chenyewe usinunue sasa.

Ngazi za barazani vilevile. Ukiinua jamvi, yaani zege la sakafu, sentimita 45 kutoka ardhini, na kwa masika yetu nashauri usipungue hapo, hizo ni ngazi tatu za sentimita 15. Mteremko wa kiti cha magurudumu huhitaji sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kupanda, yaani mita 5.4. Usiujenge leo. Iache tu nafasi hiyo kando ya ukuta wa kaskazini, usije ukaijaza tanki la maji na banda la kuku.

Paa la kujificha silipendi hapa pwani, na sitazungusha maneno. Linapendeza kwenye picha. Lakini ukuta unaolificha unaondoa upenu, kwa hiyo kivuli chote nilichohesabu hapo juu kinakwenda, na kuta zinalowa kila mvua ya upande. Bati linalala karibu bapa na maji yote yanategemea mfereji mmoja ulio ndani ya nyumba. Majani ya ule mwarobaini yakiziba tundu usiku wa mvua za Aprili, maji hayana kwingine ila darini. Paa la kawaida lenye mteremko wa nyuzi 25 hivi, upenu wa sentimita 90 pande zote, bati la rangi nyeupe au ya maziwa, na matundu ya hewa chini ya upenu ili joto la darini litoke: hilo ndilo langu. Ikiwa bado mnalitaka la kujificha, basi mfereji wa ndani uwe mpana wa sentimita 40, uwe na matundu mawili, na uwekwe bomba la dharura linalotokeza nje ya ukuta, juu kidogo ya matundu na chini ya ukingo wa bati. Siku mtakapoona bomba hilo linamwaga, mtajua mfereji umeziba, na mtajua kabla dari haijaanguka.

Faida nyingine ya paa la kawaida ni maji. Pamoja na upenu, paa lako litakuwa karibu mita za mraba 220. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 10 tu, hata ukitoa inayopotea, inakupa zaidi ya lita 1,700. Mvua tatu za namna hiyo zinajaza tanki la lita 5,000. Chimbia bomba la kuelekea kwenye tanki wakati wa msingi. Tanki linunuliwe utakapopata.

Kuhusu ghorofa. Uamuzi huo hauna nusu. Ama unajenga nguzo na msingi wa kubeba ghorofa kwa hesabu ya mhandisi, na unajua ngazi itapita wapi na paa la kwanza litaondolewaje, ama unaachana nalo. Ninachokikataa ni zile nondo zinazoachwa zimesimama juu ya nguzo zikisubiri fedha. Mimi huziita nondo za matumaini. Kwa hewa ya chumvi, miaka kumi inatosha kuzila, na kutu hiyo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, ikapasua zege la nguzo iliyo chini yake. Kwa hali ya fedha uliyonieleza, ningeacha ghorofa. Nyumba ikikaa mita 5 kutoka barabarani, mita 8 zitakazobaki nyuma, mashariki, zinatosha vyumba viwili vya banda siku watoto watakaporudi. Na watarudi, Mwalimu, hata kama ni kwa Idi tu. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Vijengwe vifupi, visizibe upepo wa chumba chako.

Chumvi hiyohiyo ndiyo inayonifanya niwe mkali kwenye zege. Mchanga wa pwani usikaribie kiwanjani kwako, hata ukiambiwa umeoshwa. Nondo zote za msingi na za nguzo za nje zifunikwe na zege la sentimita 5, kwa hiyo fundi aweke vipande vidogo vya zege vya kuinua nondo kabla ya kumimina, asizivute kwa mkono zege likiwa bichi. Kila zege limwagiliwe siku saba. Simama hapo mwenyewe. Huu si usimamizi wa kupigiwa simu.

Nikuungamie moja. Miaka ya mwanzo ya kazi nilimchorea mtu nyumba yenye dirisha kubwa la chumba cha kulala linalotazama magharibi, kwa sababu machweo ya pale yalikuwa mazuri. Nilipomtembelea baadaye nilikuta ametundika blanketi dirishani. Hakunilaumu, alinikaribisha chai tu. Tangu siku hiyo dira ndiyo ninayoitoa mfukoni kwanza nikifika kiwanjani.

Kugeuza ramani ni kuichora upya, kwa hiyo usiipeleke ya zamani halmashauri kuombea kibali. Kabla sijaanza, nahitaji kitu kimoja kutoka kwako. Chimba shimo la mita 1.5 mahali chumba chako kitakapokaa. Nipigie picha ya udongo wa kila sentimita 50, uniambie kama umegusa jiwe au tope jeusi linalonata. Usilifukie, lakini lifunikwe mbao kwa ajili ya watoto wa jirani, na mvua kubwa ya kwanza ya masika ikishapita, upime maji yamesimama kina gani na yamechukua siku ngapi kukauka.