Wiki tatu za Jaji Page

Wiki iliyopita kijana mmoja wa St. Paul aliniandikia: "Kaka, nimeacha chuo. Wiki tatu tu, na boksi la usiku, nimeshindwa. Unanishauri nini?" Nilicheka peke yangu kwenye basi, na si kwa kumdharau. Wiki tatu ndizo alizodumu Alan Page.

Kwa mliofika Minnesota juzi: Page aliichezea Vikings, timu ya hapa ya mpira wa Kimarekani, tangu 1967, mmoja wa mabeki wanne walioitwa Purple People Eaters. Kazi yake ilikuwa kupasua ukuta wa mijitu na kumwangusha mrusha mpira kabla hajarusha. Mwaka 1971 akawa beki wa kwanza kutajwa mchezaji bora wa ligi nzima. Tangu hapo amefuata beki mmoja tu, Lawrence Taylor, mwaka 1986. Super Bowl, fainali ya ligi, alicheza nne, akafungwa zote nne. Basi huyo huyo alijiandikisha shule ya sheria, akaona haelewi kitu, wiki ya tatu akaondoka. Mwaka 1975 akaanza upya Chuo Kikuu cha Minnesota, huku bado anacheza, na 1978 akahitimu.

Mimi nami niliacha chuo, nikakaa miaka sita ndipo nikarudi. Ya miaka hiyo sina la kusimulia. Nililea wazee, zamu ya saa tano usiku mpaka saa moja asubuhi. Niliporudi chuo kusomea unesi nilitia mfukoni vikadi vya majina ya dawa, nikawa namgeuza mzee kitandani huku nanong'ona, "metoprolol, metoprolol." Bibi mmoja akadhani namwombea dua. Akaitikia amina.

Msimamizi akaviona vile vikadi. Akaniambia anataka watu ambao akili zao ziko kazini. Ratiba ya wiki iliyofuata ilipotoka, nina zamu mbili tu. Hilo sijalisahau, na sijui kama nataka kulisahau. Page naye, mwaka ule ule aliohitimu, Vikings walimtema. Alikuwa amependa mbio ndefu, mwili umepungua, kocha akaona ni mwepesi mno kwa kazi ile. Chicago Bears wakamchukua, akawachezea mpaka 1981.

Haya, ushauri. Kwanza, rudi. Pili, usiache boksi kabla hujashika cheti. Page alisoma huku mshahara unaingia. Tatu, rudi. Ndiyo, nimerudia, kwa sababu hamsikii. Mchango wa harusi ya binamu wa binamu mnatuma siku hiyo hiyo, gari mnabadilisha kila mwaka, ila ada ya muhula mmoja mnasema hali ngumu. Ngumu kwa nani? Mtihani wa leseni ya unesi mimi nilianguka mara ya kwanza. Mwezi uliopita nimepita. Najisifu, niacheni. Na wale waliokaa kwenye kikao cha msiba wakasema umri wangu umekwenda, nawasalimu sana.

Page alichaguliwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Minnesota mwaka 1992, mtu mweusi wa kwanza kuingia humo, akakaa mpaka sheria ya umri wa miaka 70 ilipomstaafisha mwaka 2015.

Oktoba moja nilikwenda kumshangilia rafiki kwenye marathoni ya hapa. Kando ya njia alisimama mzee mmoja mrefu akiwapulizia wakimbiaji tuba, lile tarumbeta kubwa linalotoa sauti ya ng'ombe. Kidole chake kidogo kimechomoza pembeni kama tawi, kumbukumbu ya kuteguka uwanjani. Nikamuuliza mama aliyekuwa karibu, yule ndiye jaji? Ndiye, akasema, kila mwaka yuko hapa.

Mdogo wangu, usajili wa muhula wa Januari bado uko wazi. Nipigie mchana. Usiku niko zamu.