Polima kidogo hugandisha lateksi, nyingi huituliza: kwa nini?

Lateksi ni chembe ndogo mno za plastiki au mpira zilizotawanyika majini. Polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, mfano polietilini oksaidi, ikiwa haba, mnyororo mmoja hunata kwenye chembe mbili kwa pamoja na kuziunga kama daraja. Ndivyo lateksi inavyoganda mabonge. Ikitosha, kila chembe huvaa koti lake, na mikia ya polima inayoelea majini huzizuia zisikaribiane.

Piga hesabu ya eneo kwanza. Polistairini, aina ya plastiki, ya chembe zenye kipenyo cha nanomita 200 ina uso wa takriban mita za mraba 29 kwa gramu. Ukikadiria miligramu 1 ya polima kwa mita ya mraba, gramu 1 ya chembe kavu inataka kama miligramu 30. Anza na mara mbili yake. Mimina lateksi ndani ya mmumunyo wa polima huku ukikoroga, kamwe usifanye kinyume, maana tone la polima likiingia kwenye lateksi huunga chembe za hapo kabla halijasambaa. Kisha acha usiku kucha.

Angalia sana sabuni iliyobaki tangu lateksi ilipotengenezwa. Hugombea uso uleule, tena hushikana na polima majini. Iondoe kwa dayalisisi, yaani kuipitisha kwenye utando unaoruhusu molekuli ndogo tu, kabla ya kupima chochote.