Jibu: Mtego wa shimo umeua mhusika, wachezaji wamenuna

Mkuu, umeuliza kwa nini wachezaji wako wa Ujiji wamenuna baada ya mhusika kufia shimoni ndani ya tembe, kwenye mchezo wa D&D (Dungeons & Dragons) unaouongoza: wewe unasimulia, wao wanaamua wahusika wao wafanye nini, na kete inaamua yenye shaka. Kete haina kosa. Ulisema "mnaingia ukumbini", ukarusha, mtu akafa. Hakuna aliyepata nafasi ya kuamua chochote.

Dalili itangulie, kwenye maelezo ya kwanza kabisa: "Sakafu ni udongo mgumu wa kushindiliwa, ila katikati kuna mkeka usio na vumbi, na ukingo wake mmoja umebonyea." Kisha uliza "Mnafanyaje?" na unyamaze. Anayeuchokoa kwa mpini wa mkuki mwonyeshe shimo bila kumrushisha kete, jibu ameshalipata. Kete ni ya aliyekanyaga, au anayejaribu jambo lenye shaka kama kuruka.

Kwa sheria za D&D toleo la 5, kuanguka ni kete 1 ya pande 6 kwa kila futi 10, yaani kama mita 3. Shimo la mita 6 ni kete 2, wastani 7. Kwa wastani huo mwenye pointi 8 za uhai anaponea chupuchupu, kwa hiyo miti iliyochongwa huko chini iondoe (hata kwa wahusika waliofika ngazi ya 3 ya mchezo nisingeiweka). Shimo tu linatosha: kamba wanayo? Nani kasikia kishindo?

Na usitege kila mlango, watapapasa kila tofali na kikao kitaishia barazani. Daraja bovu juu ya mto Malagarasi halihitaji kufichwa. Hapo waache wapige hesabu ya kuvuka wenyewe.