Kuku wa dayati hana ladha? Chumvi mapema, ndimu mwishoni

Simama hapo hapo mkuu. Hizo kilo tatu za vidari usizitie kwenye siki leo usiku. Salamu tutapeana baadaye.

Nimesoma uzi wote na nashangaa wadau wanabishana bizari ipi ni tamu zaidi, wakati mleta uzi ameshaandika mpango wake wazi kabisa: analoweka vidari usiku kucha kwenye siki na maji ya ndimu, bila chumvi, asubuhi anachemsha "mpaka viive kabisa", anagawa kwenye vikontena vya wiki nzima. Halafu ndiyo anauliza aongeze viungo gani, sosi ipi haina kalori, mapaja yanaruhusiwa au la, na apasheje. Ndugu yangu, ukishafanya hayo ya mwanzo, hayo maswali mengine hayana kazi. Hakuna kiungo duniani kitakachomwokoa kuku huyo.

Mpango huo naujua kwa sababu niliulipia.

Kulikuwa na kocha mmoja wa lishe, simtaji, mwenye kundi lake la simu la kulipia kila mwezi. Tumbo lake limekatika vipande vipande, na mimi kwa akili zangu zote nikaona mtu mwenye tumbo lile lazima anajua kupika. Masharti yake: chumvi marufuku kwa sababu "inavimbisha mwili", siki na ndimu usiku kucha kwa sababu "asidi inayeyusha mafuta", kisha chemsha dakika 45 "kwa usalama". Nilifuata neno kwa neno. Msinicheke, nilikuwa nimeshalipa.

Sasa sikiliza kinachotokea ndani ya bakuli. Asidi inaivisha uso wa nyama bila moto. Ile protini ya juu inakunjamana na kukamua maji yake, nyama inageuka nyeupe ukiwa bado hujawasha jiko. Ukiiacha masaa mengi, tabaka la nje linalegea na kuwa kama chaki iliyolowa, huku katikati hakujaguswa kabisa, maana maji ya kulowekea yanaingia milimita chache tu. Ladha ya ndimu uliyoisubiri usiku kucha imebaki juu juu, na palepale juu ndipo nyama imeharibika. Na hapo hakuna mdudu aliyekufa wa kuhesabika, kwa hiyo usije ukamla nusu mbichi eti ndimu imeshamwivisha.

Halafu "kuyeyusha mafuta". Kidari kisicho na ngozi kikiivishwa kina gramu 3 na ushee za mafuta kwa kila gramu 100. Tatu! Unayeyusha nini hapo? Siki haigeuzi mafuta kuwa hewa. Nilimuuliza kwenye kundi, akanijibu kwa picha ya tumbo.

Baada ya bakuli likaja sufuria. Kidari kinakuwa salama kuliwa kikifika nyuzi 74 za Selsiasi katikati yake. Hapo bado kina majimaji. Kuanzia hapo kwenda juu, protini zinazidi kubana na maji yanatoka, na dakika 45 kwenye maji yanayotokota zinakipeleka karibu na nyuzi 100. Yale maji yote matamu yanabaki kwenye sufuria, na kocha alisema tuyamwage! Nyama ikatoka nje imelegea, ndani nyuzi nyuzi za kukwama kwenye meno. Mume wangu, mtu asiyechagua chakula, alitafuna kwa muda mrefu, akaniuliza kama mazoezi ya taya nayo yamo kwenye mpango.

Lakini kupoteza kuku siyo hasara yenyewe. Hasara iliyoniuma ilikuja baadaye, na ndiyo maana naandika kwa hasira hivi.

Kuku yule alikuwa haliki. Mtu mwenye njaa akikutana na nyama isiyo na ladha atafanya nini? Atatafuta cha kuisindikizia. Mimi nilianza na "kijiko kimoja tu" cha mayonezi. Kikawa viwili, kikawa vitatu, juu yake asali na haradali ili iwe sosi ya maana. Piga hesabu: gramu 150 za kidari kilichoiva ni kama kalori 250. Vijiko vitatu vikubwa vya mayonezi vinakaribia kalori 280. Ongeza kijiko kikubwa cha asali, 60 na kidogo. Yaani sosi ilikuwa na kalori nyingi kuliko kuku mwenyewe! Ningekula kidari cha kuchoma na ngozi yake yote ningebaki chini ya 300 kwenye gramu zilezile, tena nikifurahi. Mzani umegoma kushuka, kocha anasema "punguza wanga". Wanga upi baba? Nilikuwa nakunywa mafuta kwa kijiko kwa sababu ulininyang'anya chumvi!

Ndiyo hapo unapokwenda, mleta uzi. Umeshauliza "sosi gani haina kalori" kabla hata kuku hajaiva. Roho yako imeshajua atakuwa mbaya.

Basi shika hili moja, mengine yote yapotee: CHUMVI MAPEMA, NDIMU MWISHONI.

Chumvi haina kalori hata moja. Pima kama gramu 10 kwa kilo ya nyama, yaani kijiko cha chai kisicho na mlima na kingine ambacho hakijafika kabisa. Paka pande zote, weka kwenye sahani, ingiza friji rafu ya chini kabisa ili majimaji yasidondokee vyakula vingine, na usifunike. Asubuhi mpaka jioni, au jioni mpaka kesho yake. Mwanzoni utaona nyama inatoa maji, usiogope wala usiyamwage. Chumvi inayeyuka kwenye maji hayo, kisha inaingia nayo ndani, na tofauti na ndimu, chumvi inaendelea kusafiri kwenda katikati. Ikifika inalegeza protini ili zikamate maji wakati wa moto badala ya kuyakamua. Kwa hiyo unapata vitu viwili kwa mpigo: ladha mpaka katikati, na nyama isiyokauka hata ukiipitisha kidogo.

Ukiwa na haraka, toa angalau saa nzima. Kama hata hiyo huna, tia chumvi sekunde unayoiweka kwenye moto. Muda mbaya ni ule wa katikati, dakika kumi mpaka arobaini hivi, maana maji yameshatoka na hayajarudi, unakuta unachemsha kuku kwenye kikaango.

Najua atatokea mtu hapa kuniambia kuhusu presha. Kama daktari amekuwekea kikomo cha chumvi, mfuate yeye, uniache mimi. Kwa wengine, Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku, na kipande cha gramu 200 kwa kipimo changu kina gramu 2. Kile ulichokuwa unamwagia kutoka kwenye chupa ya sosi ulikuwa unakipima?

Na "chumvi inavimbisha": ndiyo, mwili unashika maji kidogo, mzani unayumba siku moja mbili. Hayo ni maji. Kocha wangu alishindwa kutofautisha maji na mafuta, na ada alikuwa anachukua kwa wakati.

Kitu cha pili, ambacho nacho ni bure: ukavu wa uso wa nyama. Ladha ile ya kuchoma, ile rangi ya kahawia inayofanya watu watokeze kichwa jikoni, mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliielezea tangu mwaka 1912. Protini na sukari za nyama yenyewe zinakutana na moto mkali, kuanzia kama nyuzi 140, zinazaa harufu mpya chungu nzima. Hakuna kalori iliyoongezwa. Ila maji yanachemka kwa nyuzi 100, na maadamu uso umelowa hauwezi kupita hapo. Ndiyo maana kuku wa kuchemsha hawi kahawia milele, na ndiyo maana kidari kilichotoka moja kwa moja kwenye bakuli la siki kinaishia kijivu.

Kwa hiyo futa nyama kwa tishu za jikoni mpaka tishu isishike maji. Na usimwoshe bombani, unarusha vijidudu sinki zima mpaka kwenye vikombe. Kidari kinene kiwekee plastiki, kigonge kwa kitako cha sufuria mpaka unene uwe sawa, kama sentimita moja na nusu, la sivyo ncha inakauka wakati tumbo lake bado bichi. (Mimi humfikiria kocha wakati wa kugonga. Inasaidia.) Mafuta usimimine kwenye kikaango, paka kwenye nyama yenyewe, kijiko cha chai kimoja kinatosha vipande viwili. Hicho ni kalori 40 tu kwa wote wawili, wakati kijiko kikubwa ni kama 120. Kikaango kiwe cha moto kweli kweli, weka, halafu TULIA. Usiguse guse. Dakika nne tano upande mmoja, geuza, punguza moto, malizia. Nunua kipimajoto cha nyama cha kuchomeka, ni kifaa kidogo lakini kimenisaidia kuliko kocha. Kikisoma 74 katikati, toa, acha sahanini dakika tano kabla ya kukata.

Sasa ndiyo ukamue ndimu yako, juu ya nyama ya moto, ikiwa sahanini. Kipande kimoja cha ndimu kina kalori mbili tatu, na hapo utaisikia yote kwa sababu haijaungua wala kuzamia kokote. Siki vilevile, matone tu. Kotimiri mbichi nayo mwishoni.

Ukitaka lazima kulaza kuku kwenye kitu, tumia mtindi usio na mafuta mengi, asidi yake ni ya upole, changanya na chumvi yako ileile, kitunguu saumu na pilipili manga. Kabla ya kuchoma ufute ubaki utando tu. Ndimu peke yake isizidi masaa mawili. Na papai bichi au nanasi au tangawizi mbichi nyingi usiku kucha, hapana, vina vimeng'enya vinavyokula nyama, utaamka ukute uji.

Na kama moyo wako umeng'ang'ania kuchemsha, sawa. Tia chumvi kwenye maji, ponda vitunguu saumu na tangawizi humo, weka kuku maji yakiwa baridi, na yakianza kutingishika tu punguza moto, yasitokote. Kidari cha kawaida kiangalie kuanzia dakika ya kumi na tano. Yale maji usimwage! Toa kuku, yarudishe motoni yapungue mpaka yawe mazito kidogo, ongeza kijiko cha nyanya ya kopo au uyoga uliokatwa, hiyo ndiyo sosi uliyokuwa unaitafuta na kalori zake ni za kuhesabu kwa vidole.

Viungo: paprika, bizari nyembamba, pilipili, chochote, kalori zake ni hewa. Ila kitunguu saumu kibichi kinaungua upesi na kuwa kichungu, kitie dakika ya mwisho au tumia cha unga.

Wiki nzima kwenye friji sahau. Kuku aliyeiva mmalize ndani ya siku tatu nne, wengine wagandishe. Kupasha, tia kijiko cha maji, funika, moto mdogo.

Kulikuwa na swali la mapaja pia. Ruksa. Paja lisilo na ngozi likiiva lina kalori kidogo juu ya kidari, kama 180 kwa 165 kwenye gramu 100, na halikauki kirahisi, hata ukilisahau motoni linakusamehe. Kama ndiyo unaanza, anza na mapaja, lakini chumvi tia leo.