Kura haziharibiki zenyewe

SWALI: Kwenye mafunzo ya wapiga kura tuliambiwa tuweke "alama ya vema" kwenye karatasi ya kura. Mume wangu, aliyekulia Mombasa, anasema hajawahi kusikia vema, watu huweka "tiki". Nani yuko sahihi? Na mtu akiweka alama ya kosa badala ya vema, kura yake inakuwa imeharibika? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Nyote wawili mko sahihi, na jambo hili lisifike kwa wazee. "Vema" imetoka kwenye kalamu nyekundu ya mwalimu, ikapanda cheo hadi kwenye maelekezo ya Tume ya Uchaguzi ya Tanzania. "Tiki" ni ya Waingereza, lakini imekaa kwetu muda wa kutosha kupewa uraia. Wapo pia wanaosema "pata". Mwambie mumeo hivyo hivyo, kisha mpe chai.

Swali la pili lina uzito zaidi. Uingereza mpiga kura huelekezwa aweke X mbele ya jina la anayemtaka. Kwetu X ni kosa. Tangu darasa la kwanza tumeionea uchungu. Ndiyo maana ni busara kumwelekeza mpiga kura wetu atumie vema. Balaa huanzia kwa yule anayemwekea vema kipenzi chake halafu, kwa kuwa hasira haijaisha, akamchapa X mpinzani. Moyoni amesema maneno mawili yaliyo wazi kabisa: huyu ndiyo, yule hapana. Mbele ya msimamizi wa kituo ameweka alama kwa wagombea wawili. Kanuni za uchaguzi za Kenya, kwa mfano, zinakataa karatasi yenye alama kwa zaidi ya mgombea mmoja, isiyo na alama yoyote, isiyo na alama za usalama, au isiyoeleweka imempigia nani. Ila alama iliyotoka kidogo nje ya kisanduku haiiui kura, mradi nia ya mpiga kura ionekane na asijitambulishe yeye ni nani. Kwa kipimo hicho, X moja mbele ya mgombea mmoja ina nia iliyo wazi. Lakini usijaribu. Weka vema.

Sasa tuje kwenye neno ulilolitumia bila hata kupepesa macho: imeharibika.

Sikulaumu wewe. Kila uchaguzi, redio na magazeti ya pande zote mbili za mpaka hutujaza masikio kwa "kura zilizoharibika". Mtangazaji hulitamka kwa huzuni, kama anayesoma tangazo la msiba. Mimi hunyanyuka nikapunguza sauti.

Maziwa huharibika. Uliyaacha usiku mezani, hukuyagusa, hakuna aliyeyatia mkono, asubuhi yamechacha. Hiyo ndiyo kazi ya kauli ya kutendeka: jambo limetokea, mtendaji hatajwi, na pengine hayupo. Sasa niambie, ni msimamizi gani aliyewahi kufungua sanduku baada ya kituo kufungwa akakuta kura zimeganda, zimepanda malai, zinatoa harufu? Karatasi iliingia sandukuni saa tatu asubuhi, ikatoka jioni vilevile ilivyoingia. Haikubadilika hata chembe. Kilichotokea ni kwamba mtu mwenye mamlaka aliitazama, akaipima kwa kanuni, mawakala wakichungulia mabegani, akasema: hii hapana. Kwa Kiswahili kitendo hicho kinaitwa kukataa. Kura hiyo imekataliwa.

Na kuna karatasi inayostahili kweli kuitwa iliyoharibika. Umeingia kwenye kituturi, mkono umetetemeka, vema imemwangukia jirani. Hujaitumbukiza bado. Unamrudishia msimamizi, anaifuta, anakupa nyingine. Hiyo ni karatasi, haijawa kura, na haiingii kwenye hesabu ya kura. Sheria ya Kenya inazitenganisha hizi mbili, kila moja na kifungu chake, kisha inaongeza ya tatu: kura inayobishaniwa, ambayo wakala ameipinga. Sisi tumezikumba zote kwenye kapu moja la "zilizoharibika" na kuona tumemaliza kazi.

Utasema nakuza jambo. Basi turudi Machi 2013, Kenya. Matokeo ya awali yalipokuwa yakionyeshwa Bomas, kituo cha kitaifa cha kujumlisha kura jijini Nairobi, idadi ya kura hizo ilipanda na kupanda, ikapita laki tatu. Nchi nzima ikaingia kwenye somo la uraia: wazee hawajui kalamu, karatasi sita ni nyingi mno, elimu haikutolewa. Kisha Tume ya Uchaguzi ya Kenya ikaeleza kwamba mfumo wa kompyuta ulikuwa na hitilafu, ulikuwa ukizizidisha mara nane. Hesabu ya mwisho ilikuwa 108,975. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kura "zilizoharibika" hazikuwahi hata kupigwa! Lakini kwa sababu kitenzi hakikuwa na mtendaji, lawama ilimtafuta aliye karibu, ikamkuta bibi wa kijijini. Tungesema "zilizokataliwa", huenda mtu angeuliza mapema: nani anakataa kura nyingi hivi, na kwa sababu gani?

Hayakuishia hapo. Katiba ya Kenya inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa. Uhuru Kenyatta alipewa 6,173,433 kati ya 12,330,028, yaani asilimia 50.07, na katika jumla hiyo zimo zilizokataliwa. Ziondoe, anapanda hadi asilimia 50 na nusu. Je, kura iliyokataliwa imepigwa au haikupigwa? Swali la sarufi kabisa, na lilifika Mahakama ya Juu, ambayo iliamua kwamba kura batili haiingii kwenye hesabu hiyo. Mawakili wakavaa majoho kubishania kitenzi, nasi bado tunasema zimeharibika.

(Neno "kura" lenyewe ni la Kiarabu, na asili yake ni kupiga bahati nasibu. Ndiyo maana katika Biblia kura "ikamwangukia Mathiya" bila kampeni wala wakala.)

Kinachonikera zaidi ni kwamba kauli ya kutendwa tunaijua vizuri tukitaka. Oktoba 2015 uchaguzi wa Zanzibar ulifutwa. Sikusikia mtu akisema ulifutika. Septemba 2017 uchaguzi wa rais Kenya ulibatilishwa. Hakuna gazeti lililoandika ulibatilika. Mwenyekiti wa tume akifanya, jaji akifanya, sarufi inanyooka yenyewe. Ikifika zamu ya karatasi ya mwananchi mmoja, tunaipeleka kwenye friji kukaa na maziwa.

Hukumu yangu basi. Katika fomu, habari na vitabu vya shule, andika "kura zilizokataliwa". Ukitaka neno moja la kusimama mkabala na "kura halali", lipo na ni zuri: "kura batili". "Iliyoharibika" iachie karatasi iliyorudishwa kabla ya kutumbukizwa. Na kama mtu ameichora makusudi, kaandika matusi kutoka pembe hadi pembe, yeye ameiharibu, kwa hiyo imeharibiwa, na tafadhali tumpe heshima ya kumtaja kama mtendaji, maana amejitahidi.

Mtangazaji aliyekesha siku mbili akisoma tarakimu nitamsamehe. Mhariri aliyelala, hapana.