Jibu kwa Mjomba wa Muheza kuhusu Kanisa na siasa za Uingereza

Shikamoo, Mjomba. Umeniuliza kama ni kweli kwamba Kanisa la Uingereza limeiacha imani, kwa kuwa mwezi Oktoba 2025 alitangazwa mwanamke, Sarah Mullally, kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, yaani kiongozi wa Kanisa hilo. Umeniuliza pia kama sisi Wakristo wa msimamo wa zamani sasa tunatetewa na wanasiasa wa mrengo wa kulia, wale mnaowaona kwenye simu wakisema kwamba nchi hii ni ya Kikristo na irudishwe kwa wenyewe. Kwa kuwa vijana wa kwaya nao wananiuliza yayo hayo, naomba umsomee kila anayetaka kusikia. Swali la kwanza lina jibu refu, na jibu la pili najua litawaudhi baadhi yenu.

Mama Sarah Mullally alikuwa Askofu wa London kabla ya uteuzi huu, na kabla ya upadre alikuwa muuguzi kama mimi, akafika hadi kuwa muuguzi mkuu wa serikali kwa Uingereza. Lakini jambo hili halikuanza naye. Sinodi Kuu, yaani baraza kuu la Kanisa hilo, ilipitisha upadre wa wanawake tarehe 11 Novemba 1992, wa kwanza wakawekewa mikono Bristol mwaka 1994, na baada ya pendekezo la maaskofu wanawake kuanguka mwaka 2012 kwa kura chache tu za walei, yaani waumini wasio makasisi, likapita mwaka 2014. Kwa hiyo anayeshtuka leo amechelewa zaidi ya miaka thelathini. Hata kwetu Tanzania dayosisi hazilingani katika suala hili, nawe unajua vizuri jinsi watu wa Dodoma na watu wa Tanga tunavyotazamana tukikutana.

Waliokataa waligawanyika. Wengine walikwenda Roma, hasa baada ya Papa Benedikto wa Kumi na Sita kuwafungulia mlango mwaka 2009 ili waingie pamoja na sehemu ya liturjia yao. Wengine walibaki, wakapewa maaskofu wao maalumu, ambao Waingereza wenyewe huwatania kwa kuwaita maaskofu warukao, kwa kuwa hutoka dayosisi moja hadi nyingine kuzihudumia parokia zilizoomba malezi hayo. Mimi nasali katika parokia ya namna hiyo katika eneo la Midlands, chini ya Askofu wa Oswestry, mmoja wa maaskofu hao. Ukiingia Jumapili utadhani uko kwetu Magila: padre ameielekea altare, chetezo kinafuka, na Misa ikiisha tunageukia sanamu ya Mama Bikira Maria na kusali Malaika wa Bwana. Tofauti ni baridi, maana kipasha joto cha kanisa kinawashwa kwa masharti, na tofauti nyingine ni mabenchi yenyewe. Mbele wamekaa bibi wa Kiingereza wachache wenye umri wako, na nyuma yao Wanijeria, Waghana, familia mbili kutoka Kerala na mimi.

Sasa lipo kundi la pili la wahafidhina, ambalo ninyi huko mnalichanganya na letu. Hao ni wainjilisti, watu wa Biblia na mahubiri marefu, na wengi wao hawana haja ya uvumba wala kanzu. Baadhi yao wanawakubali wanawake katika upadre. Kilichowainua wao ni uamuzi wa Sinodi wa Februari 2023 na sala za kuwabariki wapenzi wa jinsia moja zilizoanza kutumika Desemba mwaka huo, na baadhi ya parokia zao, ambazo ndizo zenye fedha, zimezuia michango yao kwa dayosisi. Hao ndio walioungwa mkono na mkutano wa Gafcon, umoja wa Waanglikana wahafidhina duniani, uliofanyika Kigali Aprili 2023, ambapo viongozi wengi wa Kianglikana wa Afrika walisema hawawezi tena kumtambua Askofu Mkuu wa Canterbury kama kiungo cha umoja wao. Msidhani, basi, kwamba kuna jeshi moja la waaminifu linalopigana na jeshi moja la waasi. Katika mji wangu padre wetu na mchungaji wa kanisa la wainjilisti hawajawahi kusimama altareni pamoja, ingawa barua wanazompelekea askofu zinafanana.

Na kama mnataka jambo lililolitikisa Kanisa hili kweli kweli, litazameni la Novemba 2024, Justin Welby, Askofu Mkuu wa Canterbury wa wakati huo, alipojiuzulu. Aliondoka kwa sababu ya uchunguzi kuhusu wakili mmoja, John Smyth, aliyewapiga kikatili vijana waliokutana naye kupitia kambi za Kikristo. Watu wachache walijua na kuandika taarifa ya ndani tangu mwaka 1982, wakanyamaza, naye akahamia Zimbabwe mwaka 1984 na kuendelea huko kuwapiga watoto wa Kiafrika. Smyth alikuwa mhafidhina wa hali ya juu. Mwaka 1977 ndiye aliyesimama mahakamani kumwakilisha Mary Whitehouse, mama aliyekuwa akipigania maadili ya Kikristo katika utangazaji, katika kesi ya kukufuru dhidi ya gazeti la mashoga. Nalitaja hili kwa makusudi, Mjomba, kwa sababu katika barua yako umeandika kana kwamba uoza wote umeletwa na waliberali.

Je, Kanisa limekufa? Limepungua sana. Katika sensa ya 2021, kwa Uingereza na Wales, waliojitaja kuwa Wakristo walikuwa asilimia 46.2, mara ya kwanza kushuka chini ya nusu, na wengi wa hao huonekana kanisani kwa mazishi tu. Waliobaki wanasali kwa dhati, na sijawahi kukosa Misa ya Jumapili kwa kukosa pa kwenda.

Nije kwenye siasa. Sheria ya ndoa ya jinsia moja ya mwaka 2013 ililetwa na serikali iliyoongozwa na David Cameron wa chama cha Conservative, chama ambacho ninyi mnakitafsiri kuwa cha wahafidhina wa dini. Wabunge wake wengi zaidi waliipinga kuliko walioiunga mkono, lakini ilipita. Kiongozi wake wa sasa, Kemi Badenoch, mwenye wazazi Wanijeria, amesema hadharani kwamba alikwisha kupoteza imani yake kwa Mungu, ingawa anauthamini utamaduni wa Kikristo. Simlaumu kwa kusema ukweli wake. Ninachosema ni kwamba kuhifadhi utamaduni ni jambo moja na kuungama Kanuni ya Imani ni jambo jingine.

Tazama pia walivyozishika familia, maana familia ndiyo neno lao kubwa. Tarehe 11 Machi 2024 serikali ya chama hicho hicho iliwazuia wahudumu wapya wa wazee kutoka nje kuja na wenzi na watoto wao, na mwezi uliofuata ikapandisha kipato anachotakiwa kuwa nacho mtu ili amlete mwenzi wake hadi pauni 29,000 kwa mwaka. Katika benchi letu yuko mama Mghana anayewaogesha wazee wa Kiingereza usiku kucha, huku wanawe wawili wakilelewa na bibi yao Kumasi. Chama cha Leba kilipoingia madarakani hakikuufungua tena mlango huo, bali Julai 2025 kilifunga kabisa kuajiri wahudumu hao kutoka nje, kwa hiyo mwambieni mdogo wangu asimlipe wakala yeyote anayemwahidi viza hiyo. Na serikali ya Conservative ilipotaka kuwasafirisha waomba hifadhi hadi Rwanda, waliosimama kuikemea mwaka 2022 walikuwa maaskofu wa Kanisa la Uingereza wenye viti katika Bunge la Malodi, yaani bunge la juu, hao hao mnaowaita waliopotea.

Septemba 2025 watu zaidi ya 100,000 waliandamana London dhidi ya wahamiaji, na baadhi yao walibeba misalaba ya mbao. Jumapili iliyofuata, tukinywa chai ukumbini, mzee mmoja wa parokia yetu, mtu mwema ambaye hunishikia mlango kila wiki na anayekijua kitabu cha sala cha 1662 kwa moyo, aliniambia kwamba maandamano yale yalikuwa na haki yake. Aliona uso wangu, akaongeza haraka: "Sikusemi wewe. Wewe ni wetu." Nilimuuliza mzee huyo: "Na yule mama Mghana ni wa nani?" Alikoroga chai yake, kisha akaniuliza kama nimeona jinsi mawaridi ya uani yalivyochelewa mwaka huu.

Mzee huyu na mimi tunakubaliana karibu kila kitu kuhusu sakramenti. Ndiyo sababu namkumbuka mara nyingi Askofu Frank Weston wa Zanzibar, ambaye sisi watu wa Muheza hatuhitaji kufundishwa habari zake, kwa kuwa alifia Hegongo Novemba 1924. Hakuna mhafidhina aliyemzidi: mwaka 1913 aliwashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa uzushi kwa sababu ya mkutano wa Kikuyu, Kenya, ambako walishirikiana na madhehebu mengine ya Kiprotestanti. Lakini mwaka 1920 alipiga kelele dhidi ya kulazimishwa kazi kwa Waafrika katika koloni la jirani, na mwaka 1923, mbele ya mkutano mkubwa wa Waanglo-Katoliki, yaani Waanglikana wa mapokeo ya Kikatoliki kama sisi, huko London, aliwaambia kwamba hawawezi kudai kumwabudu Yesu tabernakuloni ikiwa hawamhurumii Yesu katika mitaa ya makabwela. Picha yake imetundikwa katika sakristia yetu, na sina hakika kama wote wanaopita chini yake wanajua alisema nini.

Umeuliza mwisho kama napiga kura. Ndiyo, kwa sababu raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anaruhusiwa. Jambo linalonigusa kuliko yote ni muswada wa kuwasaidia wagonjwa mahututi kujitoa uhai, maana nafanya kazi katika wodi ambako wagonjwa kama hao hulala. Bunge la Makabwela, yaani bunge la wabunge wa kuchaguliwa, liliupitisha tarehe 20 Juni 2025 kwa kura 314 dhidi ya 291, kila mbunge akifuata dhamiri yake. Rishi Sunak wa Conservative, waziri mkuu wa zamani, aliuunga mkono, Badenoch akaupinga. Upande wa Leba, Shabana Mahmood, ambaye ni Mwislamu, na Wes Streeting waliupinga, ingawa wote wawili walikuwa mawaziri. Nilimwandikia mbunge wetu, mtu wa Leba asiye na dini yoyote, nikamweleza ninachokiona wodini. Alinijibu kwa ukurasa mmoja na nusu, na akapiga kura ya kuupinga. Mgombea wa Conservative aliyeshindana naye, aliyekuja kupiga picha kanisani kwetu wakati wa uchaguzi wa 2024, niliwahi kumuuliza jambo hilo hilo, akasema atanitafutia jibu.