Kebo mbili, subneti moja: kwa wadogo zangu mnaojenga klasta

Wadogo zangu, nawapenda, lakini corosync.conf (faili la mipangilio la programu inayounganisha seva kadhaa ziwe klasta moja) niliyoletewa juzi niidhinishe imenipandisha presha. Ringi mbili (njia ambazo nodi, yaani seva za klasta, huulizana hali), zote ndani ya subneti moja, kipande kimoja cha anwani: 10.20.30.0/24! Kaeni kitako tuyaseme kabla hamjagusa seva zenye wateja.

1. Chora kwanza. Wateja, mapigo (ishara za "niko hai" baina ya nodi), storeji, usimamizi: kila kundi lipewe subneti yake na VLAN yake (mtandao uliotengwa ndani ya swichi). Mapigo ya nodi mbili hayahitaji /24 wala lango la kutokea nje. /29 ina anwani 6 za kutumia, zinatosha na kubaki.

2. Kila ringi na subneti yake. Hapa niliungua mwenyewe. Klasta yangu ya kwanza ya hifadhidata niliipa kila nodi kadi mbili za mapigo, eth0 ikaishia .11 na eth1 ikaishia .111, zote /24 ile ile, nikajisifu kwa bosi kwamba tuna njia ya akiba. Kumbe Linux ikitaka kutuma pakiti haiulizi umeifunga kwenye anwani ipi. Inatazama jedwali la njia, na mle kulikuwa na njia mbili za kwenda mahali pamoja, ikashika ya kwanza: eth0. Ringi zote zilipita kebo moja tangu siku ya kwanza. Taa za eth1 zilikuwa zinapepesa kwa makelele ya ARP (mashine zikiulizana nani ana anwani ipi), nami nikaziamini.

Usiku mmoja poti ya eth0 kwenye swichi ikafa. Keneli (kiini cha Linux) haikuhamia eth1, maana usipowasha mpangilio wa ignore_routes_with_linkdown njia iliyokatika inaendelea kutumika. Kila nodi ikadhani mwenzake kafa. Nilikuwa nimeweka two_node: 1 (nodi moja ikibaki peke yake iendelee na kazi), kwa hiyo kila moja ilikuwa na kura ya kutosha kujitawaza. STONITH (nodi kumzima mwenzake kwa nguvu kabla ya kuchukua kazi yake) nilikuwa nimeizima "kwa muda" (mnacheka, lakini nimeona mmeizima na nyinyi). Storeji ilikuwa na subneti yake, nzima kabisa, na hapo ndipo balaa: nodi zote mbili zikapachika diski ile ile ya iSCSI (diski inayofikiwa kupitia mtandao) yenye mfumo wa mafaili wa ext4, hifadhidata ikawaka pande zote. Ext4 haikutengenezwa iandikwe na mashine mbili kwa wakati mmoja. Kulipokucha majedwali yalikuwa uji. Tukarudisha bakapu, miamala iliyofuata tukaiingiza upya kwa mkono kutoka kwenye risiti. Mhasibu wa pale mpaka leo nikimwamkia ananiitikia kwa kichwa tu.

Kwa hiyo andika `ip route get 10.20.30.112 from 10.20.30.111` usome inataja dev gani. Usitazame taa.

3. MTU (ukubwa wa juu wa pakiti, kwa baiti) ukiweka 9000, pima kwa `ping -M do -s 8972`; baiti 28 zilizobaki ni vichwa vya pakiti. Ikigoma, huenda kuna swichi au kadi njiani bado iko 1500.

4. Kuna mitandao ambayo hukuichora. Docker (programu ya kuendesha kontena) hujichukulia 172.17.0.0/16 bila kupiga hodi. Mwenzenu mmoja aliiweka kwenye nodi, na tawi letu moja lilikuwa linatumia anwani hizo hizo. Makao makuu wanafanya kazi, tawi wanalia seva imekufa. Tulimsumbua sana fundi wa ruta ya tawi, ilhali majibu yalikuwa yanaishia ndani ya seva yenyewe.

5. STONITH iwake kabla ya data kuingia. Kisha chomoeni kebo moja moja, mchana, mkiwa macho, zamu ikiwa imeshaambiwa. Na tafadhali, msiwe mmeingia kwenye seva kwa mbali (SSH) kupitia kebo hiyo hiyo.